Msaidizi wa simu mpe ukarani, ushauri wa Mombasa waulize wenyeji

Binti_Kibokoni (mleta uzi)

Salaam wadau. Kila nikitaja humu kwamba ratiba yangu yote ya kazi iko kwenye simu, hakosekani mtu wa kunifuata faraghani na swali lile lile: hawa wasaidizi wa kidijitali wana faida gani kwa mtu wa Mombasa, au ni mambo ya nyumba za ng'ambo ambazo taa huambiwa "waka" zikawaka? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nalileta jamvini. Nazungumzia Siri, Google Assistant na Gemini anayechukua nafasi yake, Alexa, Meta AI aliyeingia ndani ya WhatsApp, ChatGPT, wote hao.

Kazi yangu ni kupangia wageni matembezi. Kuwapokea uwanja wa ndege, gari, mashua, mtu wa kuwatembeza Mji wa Kale, chakula cha mchana. Kila mmoja ana saa zake na kila mmoja akichelewa anamchelewesha mwenzake. Msimamo wangu baada ya kuwatumia hawa wasaidizi kwa muda ni huu: kwa ukarani, wanafaa sana. Kwa ushauri, hapa kwetu bado. Na wengi wetu tunawatumia kinyume. Mtu anamuuliza simu pa kula na pa kutembea, halafu miadi yake mwenyewe anaiweka kichwani.

Ukarani nauelezaje? Niko ndani ya tuktuk, mapajani nina boksi la maji, dereva ananipigia kelele za muziki. Nabonyeza kitufe, nasema kwa Kiingereza changu cha kuombea maji kwamba nikumbushwe jioni kumpigia nahodha, na nikifika nyumbani limo kwenye kalenda. Mgeni akibadilisha siku, nahamisha tukio moja na dereva, mpishi na mtembezaji niliowaalika kwenye tukio lile wote wanaona mabadiliko. Sirudii maneno mara nne kwa watu wanne. Hiyo peke yake imeniondolea ugomvi mwingi.

Lakini kuna jambo moja ambalo watengenezaji hawakutuwazia. Kule kwao karani hujijazia daftari mwenyewe. Ukinunua tiketi ya ndege na uthibitisho ukafika kwenye Gmail, safari inaingia kwenye kalenda bila wewe kugusa kitu. Sisi mambo yetu hayaji kwa barua pepe. Tiketi ya treni umekata kwa *639#, malipo ni ujumbe wa M-PESA, miadi ya fundi ni sauti ya WhatsApp ya dakika mbili ambayo saa yenyewe imetajwa mwisho kabisa baada ya salamu za shangazi. Karani haoni hata kimoja. Mwenye kusema "nimeijaribu, kalenda ni tupu" ajue kwamba hapa kwetu kalenda haijijazi. Unaijaza wewe, kwa mkono au kwa kuiambia.

Sasa ushauri. Majuzi mgeni alikuja na mpango wa siku nzima aliotungiwa na mmoja wa wasaidizi hawa, umeandikwa vizuri, una vichwa vya habari. Saa tatu asubuhi Fort Jesus. Saa tano na nusu Haller Park. Saa saba na nusu chakula cha mchana Diani. Saa kumi na mbili jua kuchwa Mama Ngina. Kwenye ramani, maeneo manne. Kwa anayeijua Mombasa, ni kichekesho. Unatoka kisiwani unavuka daraja la Nyali kwenda Bamburi, unarudi kisiwani, unapanga foleni ya feri Likoni na magari mengine yote yanayokwenda kusini, unafika Diani wakati wenzako wameshakunywa chai ya alasiri, kisha urudi foleni ile ile kwa upande wa pili. Njia ya Dongo Kundu, ambayo ilifunguliwa mpaka mwisho 2024, inakukwepesha feri, sawa, lakini kutoka Bamburi bado lazima upite kisiwani, kisha uzunguke kwa wenye malori ya bandarini kule Changamwe na Miritini. Umbali simu inaujua. Foleni ya Likoni siku ya mapumziko haiijui, kwa sababu meli moja ikitolewa kazini kwa matengenezo hakuna anayeiambia.

Na chakula ndiyo kabisa. Mapendekezo yake yanatoka kwa watu waliokwisha kuandika maoni mtandaoni. Nani huandika? Mgeni wa hoteli. Mtu wa Kibokoni hula mbaazi kwa mahamri, hutuma hela kwa M-PESA, huaga na kwenda zake. Hampi mtu nyota tano. Basi ukiuliza mbaazi za asubuhi, unapelekwa mkahawa wa Nyali unaofungua saa nne, wakati sufuria ya mtaani imeshaoshwa.

Nawaachia. Aliye na tofauti aseme.

Nahodha_Mtongwe

Dada umesema kweli na umeacha kubwa. Maji.

Mimi huchukua watu na boti ya kioo kutazama matumbawe na fungu la mchanga. Kijana wangu aliniwekea kalenda kwenye simu: kila Jumamosi saa nne asubuhi, safari, irudie kila wiki. Simu ikaridhika kabisa. Bahari haikuridhika. Maji kila siku husogea kama dakika 50 mbele. Zidisha kwa siku saba, utapata kama saa sita. Kwa hivyo Jumamosi hii saa nne maji yamepwa, fungu liko nje, watoto wanacheza. Jumamosi ijayo saa nne hiyo hiyo maji yamejaa tele, fungu halipo, utamwonyesha mgeni nini, kivuli cha boti?

Hapa kwetu bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana mnamo saa nne saa tano asubuhi, na kati ya kujaa na kupwa ni mita 3 na ushei. Maji mafu ni kinyume chake, yanapanda kidogo na kushuka kidogo, na saa ya nne unayakuta juu. Nikamwambia kijana: weka irudie kila baada ya wiki mbili, ukianzia Jumamosi iliyo karibu na bamvua. Hapo ikakaa sawa, ingawa baada ya muda inateleza na lazima uirekebishe, maana bamvua na bamvua zina zaidi kidogo ya siku 14. Siku hizi amechukua jedwali la maji la Kilindini akaingiza saa za mwezi mzima moja moja. Kazi ya jioni moja tu, na karani anatulia.

Na kusi ikianza kuvuma kwa nguvu, Juni, Julai, usiulize simu kama ni siku nzuri ya kwenda kisiwa cha Wasini. Itakwambia jua, na kweli jua lipo. Wimbi je?

Binti_Kibokoni

Nahodha, mimi nilikuwa nakupigia kila wiki kukuuliza kumbe ningehesabu mwenyewe!

Nahodha_Mtongwe

Endelea kupiga tu, mamangu. Hesabu haina upepo.

Msomi_wa_Tudor

Nasoma mambo ya kompyuta hapa TUM, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, niongeze kidogo upande wa ndani, kwa sababu naona watu wanaichukulia hii kitu kama jini.

Msaidizi wa zamani, wa enzi za Siri ya 2011 kwenye iPhone 4S na Alexa ya 2014, alikuwa na hatua zake. Kwanza sauti inageuzwa maandishi. Pili anatafuta nia: unataka kengele, unataka hali ya hewa, au unataka kupiga simu? Tatu anajaza nafasi zilizo wazi: saa ngapi, siku gani, nani. Nia ikiwa haimo kwenye orodha aliyofundishwa, anakwama na kukutafutia kwenye mtandao. Ndiyo maana alikuwa mzuri kwa kengele na mbovu kwa mazungumzo.

Wa sasa, tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, wamejengwa juu ya modeli kubwa za lugha. Hizo hukisia neno linalofaa kufuata, kwa kusoma maandishi mengi mno. Zinaelewa maneno yaliyopinda, zinaelewa ukichanganya Kiswahili na Kiingereza, na zinaweza kuitumia kalenda yako kama mtu anavyochukua kalamu. Ubaya ni kwamba zikikosa habari hazinyamazi. Zinaweza kukutungia saa ya kufungua mahali ambapo hapafunguliwi kabisa, kwa lugha tamu.

Mapendekezo ni fundi mwingine tena. Hesabu yake ya msingi ni kufananisha watu: waliopenda alichopenda huyu wamependa na nini kingine? Netflix waliwahi kutoa zawadi ya dola milioni moja kwa watakaoboresha makisio yao kwa asilimia 10. Shindano lilianza 2006, mshindi akapatikana 2009. Shida ya hesabu hii inajulikana tangu zamani. Kitu kisichokuwa na alama yoyote hakipendekezwi, na kisichopendekezwa hakipati alama. Huyo mama wa mbaazi wa mleta uzi yuko hapo.

Mzee_Kobe

Babu zetu walikuwa wakienda Lamu na Bara Hindi bila simu kuwakumbusha.

Binti_Kibokoni

Walikuwa na karani wa chombo, mzee wangu. Aliandika kila gunia.

Kijana_Mishomoroni

Mimi sikubaliani. Dada yangu kwa heshima zote, wewe ni mwenye biashara ya kupanga safari. Bila shaka utasema simu haijui kushauri! Ikijua, wewe utakula wapi?

Nilikuwa namsaidia mdogo wangu kujiandaa na KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Nikaiambia ChatGPT: mtoto anatoka shule saa kumi, anavuka Nyali kwa matatu, anafika jioni, magharibi anakwenda madrasa, umeme wetu hukatika mara kwa mara usiku, hisabati hafui dafu, Kiswahili yuko vizuri, usimpe zaidi ya masomo mawili kwa usiku mmoja. Ikatoa ratiba safi. Hisabati kaiweka alfajiri kabla ya shule, kitu ambacho mimi sikukifikiria. Sasa huo si ushauri? Mgeni wako alipewa mpango mbovu kwa sababu hakuiambia kitu. Aliandika "nina siku moja Mombasa" akakaa akingoja.

Binti_Kibokoni

Hoja nzuri, na maslahi ninayo, siyafichi. Lakini tazama ulichofanya. Habari zote za Mishomoroni ulizitoa wewe: matatu, madrasa, umeme, udhaifu wa mtoto. Yeye akazipanga. Kupanga ulichompa ndio ukarani ninaousema, na hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu uko pale anapotakiwa azilete habari mwenyewe. Mgeni hawezi kumwambia kuhusu foleni ya Likoni kwa sababu hajui kama ipo. Mwenye kuijua Likoni hahitaji kuuliza.

Ila hiyo ya hisabati alfajiri nimeipenda. Nitaiiba.

Kijana_Mishomoroni

Iba dada, haina hakimiliki 😂

Fundi_Simu_MwembeTayari

Wateja wanakuja kibandani kila siku: "Fundi, simu haikunikumbusha, nimekosa miadi ya kliniki." Wanadhani programu ni mbovu. Mara nyingi tatizo ni betri. Simu nyingi za bei nafuu zina mfumo mkali wa kuokoa chaji. Programu usiyoigusa kwa muda inalazwa usingizi, na kikumbusho kinalala nayo. Ingia kwenye mipangilio, programu, chagua ile ya vikumbusho, nenda betri, ondoa kikomo. Pili, kuanzia Android 12 kuna ruhusa inayoitwa kengele na vikumbusho. Kwenye Android 14 programu mpya nyingi hazipewi ruhusa hiyo mpaka uifungue kwa mkono wako, isipokuwa zile za saa na kalenda zenyewe. Usipoifungua, kikumbusho cha saa mbili kinaweza kuja saa mbili na robo, simu inapopata wasaa.

Bando likiisha kengele iliyokwisha kuwekwa bado italia, iko ndani ya simu. Kinachogoma mara nyingi bila intaneti ni kuongea na msaidizi, kwa sababu sauti yako inakwenda kusomwa mbali. Na simu ikizimika haimkumbushi mtu. Mnacheka, lakini nimeulizwa.

Mkwe_wa_Tanga

Nauliza wakuu. Hizi saa zetu wanazielewaje? Nilimwambia msaidizi mmoja, simtaji, kwa Kiswahili fasaha: nikumbushe kesho saa tatu asubuhi. Akanijibu kwa Kiswahili fasaha vile vile: sawa, nimeweka saa 3:00 asubuhi. Kengele ikalia usiku wa manane, mke wangu akanitazama kama mwizi.

Msomi_wa_Tudor

Google waliongeza Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, na Gemini, alipokuwa bado anaitwa Bard, alianza kuzungumza Kiswahili Julai 2023. Maneno wanayo. Kuhesabu saa kuanzia macheo ndiko kunakowapiga chenga, leo anapatia, kesho anakosa. Dawa ni moja: taja saa kwa tarakimu za saa 24. Sema 09:00 au 21:00, na kabla hujafunga simu tazama alichoandika.

Binti_Kibokoni

Ongezea na siku. Bibi yangu akisema harusi ni usiku wa Ijumaa, anakusudia Alhamisi ikishakuchwa jua. Mualiko wa namna hiyo simpi simu aniwekee. Naweka mwenyewe, na kwenye maelezo naandika "Alhamisi kuamkia Ijumaa" ili dereva naye asipotee.

Karani_wa_Shehena

Tofauti kidogo. Mimi nafanya kazi na ofisi ya London, mambo ya makasha. Kikao chetu ni kila Ijumaa saa nne asubuhi za kwao. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, wao hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kipindi chao cha baridi kikao kinaangukia saa saba mchana hapa, imamu yuko kwenye mimbari. Kipindi cha joto kinaangukia saa sita, ukitoka unakimbia. Kabla ya kalenda hii, kila Machi na Oktoba kulikuwa na mtu wa kukaa kwenye kikao saa nzima peke yake. Sasa tukio limefungwa kwa saa za London na linajisogeza lenyewe kwangu, sihesabu chochote.

Kisha nikazuia saa sita na nusu hadi saa nane kila Ijumaa, irudie milele, ionekane kwa wote kwamba niko na shughuli. Sikumwomba mtu ruhusa wala sikueleza dini yangu kwa barua. Baada ya wiki chache wakahamishia kikao Alhamisi wenyewe. Kwa hilo karani wa simu nampa mkono.

Bi_Mdogo_Majengo

Assalaam alaykum. Mimi si mtu wa teknolojia. Mamangu ana presha na sukari, anakunywa dawa asubuhi na usiku, na mimi nashinda kazini. Nilimwekea vikumbusho vya kila aina. Mlio ukilia anaunyamazisha akidhani ni simu ya mtu, sauti ya Kiingereza ikisema anaijibu "wrong number".

Nikajirekodi mimi. "Mama, dawa. Ile nyeupe na ile ya waridi. Kula kwanza." Nikaifanya ndiyo mlio wa kengele. Sasa ikilia namsikia kwenye simu akiijibu, "Haya mwanangu, nakunywa." Jirani anasema huwa anaigombeza pia. Hakuna msaidizi wa kuzungumza naye, ni kengele ya kawaida tu, lakini inafanya kazi kuliko yote.

Swali langu: Ramadhani ikifika, yule wa kisasa anaweza kumpangia upya saa za dawa kati ya futari na daku?

Binti_Kibokoni

Waalaykum salaam. Dada yangu, hapo usimwachie simu. Dawa za sukari ndizo hasa zenye hatari kwa aliyefunga, sukari inaweza kushuka mchana mtu akaanguka. Mpeleke kwa daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi, aseme yeye kama mama afunge, dawa ipi isogee, ipi ipungue. Ukishapewa saa, rudi ujirekodi upya. Na hiyo sauti yako kwa mama, mashallah.

Wakili_Makupa

Hakuna aliyegusa faragha, nami nitakuwa mfupi.

Kifaa cha kuongea nacho hakirekodi kila neno mchana kutwa. Ndani yake kuna programu ndogo inayongoja jina lake tu, na ikilisikia ndipo inaanza kutuma sauti. Tatizo ni kwamba inakosea kusikia. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba wafanyakazi wa Amazon, Google na Apple walikuwa wakisikiliza vipande vya sauti za watu ili kuboresha mifumo; Apple waliomba radhi Agosti mwaka huo. Mwaka 2023 Amazon walikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani kwa kesi ya kuhifadhi sauti za watoto. Mwanzoni mwa 2025 ikajulikana kwamba Apple wamekubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya Siri, bila kukiri kosa.

Kwetu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Kamishna wake. Unayo haki ya kuambiwa data yako inatumikaje, kuiona, kuisahihisha na kutaka ifutwe. Lakini angalieni, sheria hiyo hiyo inakushika wewe mwenye biashara. Mleta uzi, ukinakili nambari za pasipoti za wageni na kuzibandika kwa msaidizi ili akutengenezee orodha, unayejibu ni wewe. Mpe majina ya kwanza na saa, inatosha. Na kwenye akaunti ya Google kuna mahali pa kuweka historia ijifute yenyewe baada ya miezi 3, 18 au 36. Weka 3.

Binti_Kibokoni

Nashukuru wakili. Pasipoti huwa kwenye daftari langu, na daftari linafungiwa kabatini. Hiyo ya miezi 3 naifanya sasa hivi.

Mzee_Kobe

Kumbe daftari bado lipo.

Binti_Kibokoni

Lipo mzee, na halitaki chaji.

Barobaro_Bombolulu

Wakuu kabla uzi haujalala. Programu yangu ya swala inaadhini alasiri karibu saa nzima baada ya msikiti wa mtaani. Alfajiri nayo imepishana na msikiti kwa dakika chache. Nibadilishe programu?

Karani_wa_Shehena

Usibadilishe. Alasiri yako imewekwa kwa madhehebu ya Hanafi, inayongoja kivuli kiwe mara mbili ya urefu wa kitu. Huku pwani wengi ni Shafii, kivuli mara moja tu. Alfajiri ni njia ya hesabu: Muslim World League wanachukua jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, Wamisri nyuzi 19.5. Kwa hapa kwetu tofauti hiyo ni kama dakika sita. Uliza msikiti wako wanafuata ipi, uchague hiyo hiyo.

Barobaro_Bombolulu

Shukran. Na Idi? Kalenda ya simu imeshaniandikia tarehe na nilitaka kukata tiketi ya treni ya kwenda Voi.

Nahodha_Mtongwe

Hiyo ni hesabu, mwezi haujaonekana. Kata tiketi, lakini usiwaahidi watu pilau siku hiyo mpaka Kadhi Mkuu atangaze.

Barobaro_Bombolulu

Sawa nahodha. Karani, hiyo Shafii nimeitafuta kwenye mipangilio siioni.

Karani_wa_Shehena

Ingia mahali pa njia ya hesabu, teremka chini, kuna sehemu ya alasiri peke yake. Programu nyingine huandika "kawaida" badala ya Shafii. Ukikosa piga picha ya skrini uitie hapa.